Daktari Aliyetibu kwa Kuhesabu



Mama akimpeleka mtoto kliniki, mwuguzi humpima mtoto uzito, kisha huandika. Huandika kwenye kadi ya mtoto, halafu huandika tena kwenye daftari kubwa lililoko mezani. Wako watu wanaonung'unika na kusema, "Hawa wanaandika mno. Sisi tumefuata dawa, hatukufuata kuandikwa."

Je, kuandika na kuhesabu kunamsaidia nini mgonjwa? Somo letu la leo linajibu swali hilo. Tutasoma habari za daktari mmoja mwanamke wa nchi ya Australia. Jina lake ni Fiona Stanley. Daktari huyu amewasaidia watoto wengi sana ambao hakuwagusa kwa mkono wala kuwachoma sindano. Aliwasaidia kwa kalamu na daftari. Hebu tuone ilikuwaje.

NCHI NA WATU WAKE

Australia ni nchi kubwa iliyozungukwa na bahari pande zote. Imegawanyika katika majimbo. Jimbo lililo ng'ambo ya Bahari ya Hindi, mbali sana mashariki kwetu, linaitwa Australia Magharibi. Jimbo hilo peke yake linaizidi Tanzania nzima kwa ukubwa, zaidi ya mara mbili na nusu. Lakini watu wake ni wachache, na wengi wao wanaishi katika mji mmoja wa pwani unaoitwa Perth. Ukitoka Perth kwenda bara, unakuta nchi kavu, na kutoka makazi hadi makazi ni mwendo mrefu sana.

Wenyeji wa asili wa nchi hiyo ni Waaborijini. Wamekaa huko zaidi ya miaka 50,000. Walikuwa na lugha nyingi, sheria zao na elimu yao. Walijua maji yanapatikana wapi katika nchi kavu na chakula gani kinapatikana majira gani.

Mwaka 1788 Waingereza walifika na kuanza kuichukua nchi. Waaborijini walinyang'anywa ardhi. Wengine waliuawa. Wengi walikufa kwa magonjwa mageni, kama ndui. Baadaye, tangu mwaka 1910 hivi mpaka mwaka 1970 hivi, serikali iliwachukua watoto wengi wa Kiaborijini kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao. Watoto hao walilelewa katika nyumba za serikali, katika misheni, au kwa Wazungu. Wengi hawakuwaona mama zao tena.

Na liko jambo jingine linalohusu sana somo letu. Katiba ya Australia ya mwaka 1901 ilisema kwamba katika kuhesabu idadi ya watu wa nchi, Waaborijini wasihesabiwe. Ng'ombe na kondoo wa Wazungu walihesabiwa, lakini mwenye nchi hakuhesabiwa! Mwaka 1967 ndipo wananchi walipiga kura kuliondoa neno hilo katika Katiba. Zaidi ya watu 90 katika kila wapiga kura 100 walikubali liondolewe.

Fikiri kidogo, ndugu msomaji. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kwa watu ni vivyo hivyo. Mtu asiyehesabiwa akiugua, nani atajua? Watoto wake wakifa kumi, nani atauliza kwa nini?

MTOTO ANAPONA, ANARUDI, ANAUGUA TENA

Fiona Stanley alizaliwa mwaka 1946 katika mji wa Sydney. Baba yake, Neville Stanley, alikuwa mtafiti wa vijidudu vya magonjwa, pamoja na vile vya polio, ugonjwa unaolemaza watoto. Mwaka 1956 familia ilihamia Perth. Huko Fiona akasoma udaktari, akamaliza mwaka 1970. Akaanza kazi ya kutibu watoto katika hospitali ya watoto ya mji huo.

Hapo ndipo alipoona jambo lililomsumbua moyo. Watoto wa Kiaborijini waliletwa hospitalini kwa ndege kutoka mbali sana. Waliugua kuhara, nimonia, masikio yanayotoa usaha, na utapiamlo. Madaktari na wauguzi walifanya kazi usiku na mchana. Mtoto aliyekuja akiwa hoi, akapona, akacheka. Basi, akapandishwa ndege, akarudishwa kwao.

Kumbe kule kwao hakuna kilichobadilika. Maji ni yale yale. Nyumba ni ile ile ndogo iliyojaa watu. Chakula bora hakuna, na wazazi hawana kazi. Haupiti muda mrefu, mtoto anaugua tena ugonjwa ule ule. Wengine walirudishwa hospitalini mara ya pili na ya tatu. Wengine hawakurudi, maana walikufa.

Hii ni sawa na mtu ambaye nyumba yake inavuja. Anaweka ndoo chini. Ndoo ikijaa anaimwaga, halafu anairudisha pale pale. Anafanya kazi kweli, anachoka kweli, lakini hajapanda juu kuziba paa.

Daktari Stanley alianza kujiuliza. Kwa nini watoto hawa ndio wanaougua sana? Kwa nini wale wengine hawaugui hivi? Kinachowatofautisha ni nini? Alitambua kwamba maswali haya hayajibiwi kwa kumtazama mgonjwa mmoja kitandani. Yanajibiwa kwa kutazama watu wote, wagonjwa na wazima. Kwa hiyo alisafiri kwenda Uingereza na Marekani kujifunza elimu nyingine.

ELIMU YA KUHESABU MAGONJWA

Elimu aliyojifunza inaitwa epidemiolojia. Neno ni refu, lakini maana yake siyo ngumu. Ni elimu ya kuhesabu magonjwa katika jamii, kulinganisha, na kutafuta chanzo. Inauliza maswali manne: Nani anaugua? Anaugua wapi? Anaugua lini? Na ana tofauti gani na asiyeugua?

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja, ili tujifunze hesabu yake. Kijiji kina nyumba 60. Nyumba 50 zinachota maji kisimani. Nyumba 10 zinachota maji mtoni. Ugonjwa wa kuhara unaingia. Katika nyumba za kisimani, nyumba 5 zinapata wagonjwa. Katika nyumba za mtoni, nyumba 4 zinapata wagonjwa.

Sasa, maji gani ni mabaya? Mtu wa haraka atasema, "Maji ya kisima ni mabaya, maana huko nyumba 5 zina wagonjwa, na mtoni ni 4 tu." Lakini amekosea. Lazima tuulize: 5 kati ya ngapi? Na 4 kati ya ngapi?

Kisimani ni 5 kati ya 50. Yaani katika kila nyumba 10, nyumba 1 ina mgonjwa.
Mtoni ni 4 kati ya 10. Yaani katika kila nyumba 10, nyumba 4 zina wagonjwa.

Basi hatari iko mtoni, tena ni mara nne. Umeona? Kuhesabu wagonjwa peke yao kunaweza kutudanganya. Ni lazima tuhesabu na wazima pia, ndipo tulinganishe. Ndiyo sababu mwuguzi haandiki wagonjwa tu. Huandika pia mtoto mzima aliyekuja kupimwa uzito.

DAFTARI LA JIMBO ZIMA

Daktari Stanley alirudi Perth mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeye na wenzake wakaanza kazi kubwa ya kukusanya kumbukumbu za watoto wa jimbo zima la Australia Magharibi. Kila mtoto anayezaliwa, aandikwe. Uzito wake wa kuzaliwa, uandikwe. Akizaliwa na kilema, kiandikwe. Akilazwa hospitalini, iandikwe. Akifa, iandikwe. Kisha kumbukumbu hizo zikaunganishwa, ili mtu aweze kuona safari ya watoto tangu tumboni mpaka ukubwani. Siri za mtu mmoja mmoja zilitunzwa. Kilichotafutwa ni hesabu ya wengi.

Hebu tuone mfano mmoja wa faida ya daftari hilo. Uko ugonjwa wa watoto unaoitwa mtindio wa ubongo. Mtoto mwenye ugonjwa huu viungo vyake hukakamaa au hulegea, na hushindwa kutembea vizuri. Kwa miaka mingi watu wengi, hata madaktari, waliamini kwamba ugonjwa huu hutokea kwa sababu mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Mkunga alilaumiwa. Mama naye alijilaumu.

Mwaka 1988 Daktari Stanley na mwenzake Eve Blair walitoa hesabu yao. Walilinganisha watoto wenye ugonjwa huo na watoto wasio nao. Waliona kwamba katika jimbo lao, ni watoto 8 hivi tu katika kila wagonjwa 100 ambao ugonjwa wao ungeweza kutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kwa walio wengi, chanzo kilikuwa kingine, na mara nyingi kilianza tumboni kabla ya siku ya uchungu.

Lakini tuelewane vizuri. Hesabu hiyo ni ya mahali ambapo akina mama karibu wote wanazalia hospitalini. Mahali pasipo na wakunga wa kutosha na vifaa, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa bado kunaua na kulemaza watoto wengi. Kwa hiyo mama mjamzito aende kujifungulia kwenye zahanati au hospitali. Hilo halina mjadala.

MGONGO WAZI

Sasa tufike kwenye jambo lililompa daktari huyu sifa kubwa.

Uko ugonjwa mwingine wa kuzaliwa nao, unaoitwa mgongo wazi. Mtoto anapoumbika tumboni, uti wa mgongo huanza kama jani lililofunguka, kisha hujikunja na kufunga kama bomba. Kwa watoto wengine bomba hilo halifungi sawasawa. Mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni. Mara nyingi miguu haina nguvu, haja zinamtoka bila kujizuia, na kichwa hujaa maji na kuwa kikubwa. Ikiwa sehemu ya juu ndiyo haikufunga, ubongo hauumbiki, na mtoto hufa.

Watu wengi duniani wamesema huu ni uchawi, au laana, au makosa ya mama. Siyo kweli. Sababu zake ni zaidi ya moja, lakini sababu moja kubwa ni upungufu wa kirutubisho kimoja katika chakula. Kirutubisho hicho kinaitwa foliki. Kinapatikana katika mboga za majani, maharagwe, kunde, dengu, karanga na machungwa.

Hili lilijulikanaje? Lilijulikana kwa kuhesabu na kulinganisha. Daktari Carol Bower na Daktari Stanley walichukua akina mama ambao watoto wao walizaliwa na ugonjwa huo, na akina mama wengine ambao watoto wao hawakuwa nao. Wakawauliza walikula nini mwanzoni mwa mimba. Mwaka 1989 walitangaza kwamba akina mama waliokula vyakula vyenye foliki nyingi zaidi, watoto wao walikuwa katika hatari ndogo zaidi.

Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza nao walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi 7. Wanawake ambao walikwisha kupata mtoto mwenye ugonjwa huo waligawanywa katika makundi. Nusu yao walipewa foliki, na nusu hawakupewa. Katika waliopewa, watoto 6 walipata ugonjwa. Katika wasiopewa, watoto 21 walipata. Ubishi ukaisha.

Lakini iko shida moja. Bomba la mgongo hufunga mapema sana, ndani ya siku 28 za kwanza za mimba. Wakati huo mama wengi hawajajua kwamba wana mimba. Mama akingoja mpaka tumbo lionekane, amechelewa. Kwa hiyo foliki inatakiwa iwemo mwilini kabla mimba haijaingia.

MANENO HAYAKUFIKA, MKATE ULIFIKA

Baada ya kujua hayo, wakuu wa afya katika Australia Magharibi walifanya kampeni katika miaka ya 1990. Waliwaambia wanawake wale vyakula vyenye foliki na wameze vidonge vyake kabla ya kupata mimba. Pia makampuni ya chakula yaliruhusiwa kutia foliki katika baadhi ya vyakula, lakini hayakulazimishwa.

Matokeo yalikuwa nini? Daftari lilijibu. Kwa watu wasio Waaborijini, ugonjwa ulipungua kwa karibu theluthi moja. Watu walifurahi. Lakini kwa Waaborijini, ugonjwa haukupungua hata kidogo!

Kwa nini? Maana dawa ni ile ile na mwili wa binadamu ni ule ule. Sababu ni kwamba habari haikuwafikia wote sawasawa. Vidonge vilihitaji fedha na duka la dawa lililo karibu. Vilihitaji pia mama awe amepanga mimba yake mapema. Mwenye elimu na fedha alifaidika. Maskini wa mbali alibaki alipokuwa. Kampeni iliyokusudiwa kuwasaidia wote ilizidisha pengo kati ya watu na watu.

Na tuone jambo hili kwa makini. Kama daftari lingeandika watu wote kwa pamoja, bila kutazama Waaborijini peke yao, wakuu wangesema, "Ugonjwa umepungua, kazi imekwisha." Waaborijini ni wachache. Mwaka 2021 walikuwa karibu watu 4 tu katika kila watu 100 wa Australia. Maumivu yao yangefichwa ndani ya hesabu ya walio wengi.

Daktari Stanley, Daktari Bower na wengine walidai kwamba foliki itiwe katika unga wa mkate kwa sheria. Mkate unaliwa na wote, tajiri na maskini, wa mjini na wa mbali, aliyesoma na asiyesoma. Ulikuwako ubishi wa miaka mingi. Wengine walisema serikali isiingilie chakula cha watu. Hatimaye, mwezi wa Septemba mwaka 2009, sheria ilianza kutumika Australia. Kila kilo ya unga wa ngano wa kuokea mkate hutiwa foliki miligramu 2 hadi 3.

Mwaka 2016 taasisi ya serikali inayotunza hesabu za afya ilitoa taarifa. Kwa watu wote pamoja, ugonjwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 14. Kwa wasichana wenye mimba walio chini ya miaka 20, ulipungua kwa asilimia 55 hivi. Na kwa wanawake wa Kiaborijini, ulipungua kwa asilimia 74!

Asilimia 74 ni nini? Maana yake, mahali palipokuwa na mimba 100 zenye ugonjwa huo, sasa ziko 26. Zile 74 ni watoto wanaotembea kwa miguu yao. Mama zao wamekula mkate tu, wala hawajui kama kuna jambo lililozuiliwa. Hiyo ndiyo kinga. Haina kelele.

ANAYEHESABIWA NAYE AHESABU

Kwa miaka mingi Waaborijini hawakuwapenda watafiti, na walikuwa na haki. Watafiti walikuja, wakapima vichwa vyao, wakachukua damu yao, wakaandika vitabu, wakaondoka. Waliopimwa hawakuona faida. Tena serikali iliyowaandika katika madaftari ndiyo iliyowanyang'anya watoto. Mtu kama huyo ukimwendea na daftari, atakukimbia.

Mwaka 1990 Daktari Stanley alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti wa afya ya watoto mjini Perth, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Telethon. Baada ya muda taasisi ikaelewa kwamba utafiti juu ya Waaborijini lazima ufanywe pamoja na Waaborijini wenyewe. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kati ya miaka 2000 na 2002 taasisi hiyo ilifanya uchunguzi mkubwa wa afya ya watoto wa Kiaborijini katika jimbo zima. Ilikuwako kamati ya viongozi wa Kiaborijini iliyosimamia kazi. Watafiti walipita mijini na katika makazi ya mbali kabisa, wakaandika habari za watoto 5,289 katika familia 2,000 hivi.

Uchunguzi huo ulionyesha jambo zito. Watoto ambao walezi wao walichukuliwa kwa nguvu utotoni, walikuwa katika hatari ya kusumbuka moyo na tabia zaidi ya mara mbili kuliko watoto wengine wa Kiaborijini. Yaani mzazi alinyang'anywa mama yake, na maumivu yakamfikia mtoto ambaye hakuwepo. Kabla ya hapo wengine walisema, "Hayo ni mambo ya zamani, yasahauliwe." Hesabu ilisema, "Hayajapita." Tarehe 13 Februari 2008, Waziri Mkuu wa Australia, Kevin Rudd, alisimama bungeni akawaomba radhi Waaborijini kwa watoto walionyang'anywa.

Na Waaborijini wenyewe wameishika kalamu. Mmoja wao ni Daktari Sandra Eades, wa watu wa Noongar, ambao ndio wenyeji wa asili wa Perth na nchi ya kusini-magharibi. Aliitibu jamii yake kama daktari wa kawaida, kisha naye akajifunza elimu ya kuhesabu magonjwa. Alifanya utafiti juu ya akina mama wa Kiaborijini wa Perth na watoto wao wachanga. Mwaka 2003 akawa daktari wa kwanza wa Kiaborijini kupata shahada ya juu kabisa ya utafiti. Mwaka 2020 akawa Mwaborijini wa kwanza kuongoza chuo cha udaktari katika Australia. Waliokatazwa kuhesabiwa, leo wanahesabu.

KAZI HAIJAISHA

Mwaka 2003 Fiona Stanley alichaguliwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Aliacha ukurugenzi wa taasisi mwishoni mwa mwaka 2011. Mwaka 2014 hospitali kubwa ilifunguliwa Perth, ikapewa jina lake.

Hata hivyo, tusidanganyane. Katika hesabu za miaka 2020 hadi 2022, mwanamume wa Kiaborijini alitarajiwa kuishi miaka pungufu karibu 9 kuliko mwanamume mwingine wa Australia. Mwanamke alipungukiwa miaka 8. Nyumba, maji, elimu, kazi na heshima havipatikani ndani ya kidonge. Paa halijazibwa lote. Lakini matundu yanajulikana yako wapi, kwa sababu watu walihesabu.

SISI TUFANYE NINI?

Ndugu wasomaji, foliki si jambo la Australia peke yake. Tanzania ilitoa kanuni za kutia virutubisho katika unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani mwaka 2011, na Kenya mwaka 2012. Lakini unga tunaousaga kwenye mashine ya kijijini kwa kawaida hautiwi foliki. Kwa hiyo:

1. Mwanamke anayetarajia kupata mimba aende zahanati aulize habari za foliki kabla ya kupata mimba. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa akina mama wajawazito vina foliki ndani yake. Vinasaidia damu hata vikianzwa baadaye, lakini kwa mgongo wa mtoto, mapema ndiyo bora.

2. Tupike mboga za majani bila kuzichemsha mno, wala tusimwage maji yake. Foliki hupotea kwa moto mwingi na kwa maji yanayomwagwa. Tule maharagwe na kunde mara kwa mara.

3. Mtoto akizaliwa na mgongo wazi, apelekwe hospitali mara moja. Asifichwe ndani, na mama yake asilaumiwe.

4. Tuandikishe kila anayezaliwa na kila anayekufa, hata mtoto wa siku moja. Tutunze kadi za kliniki. Na sisi tunaojua kusoma, tuulize kwenye mikutano ya kijiji: wagonjwa ni wangapi, kati ya wangapi?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watoto wa Kiaborijini walipona hospitalini, kisha wakaugua tena?
2. Shule ya kwanza ina watoto 200, na 20 wana minyoo. Shule ya pili ina watoto 50, na 15 wana minyoo. Shule ipi ina hatari zaidi? Onyesha hesabu yako.
3. Kampeni ya vidonge iliwafaa nani? Iliwaacha nani? Je, iko kampeni hapa kwetu iliyowaacha watu wengine nyuma? Ni akina nani hao?
4. Ikiwa mtafiti atakuja kijijini kwetu na daftari lake, tumwulize maswali gani kabla hatujamjibu?

MANENO YA KUKUMBUKA

Epidemiolojia: elimu ya kuhesabu na kulinganisha magonjwa katika jamii ili kujua chanzo.
Foliki: kirutubisho kilichomo katika mboga za majani na jamii ya kunde.
Kinga: jambo linalozuia ugonjwa kabla haujaingia.
Asilimia: kiasi katika kila mia.